Tupeane uzoefu: Tuwakumbuke watu wa imani walioishi na maradhi yasiyopona

Mwanzilishi wa mada, Kibokoni

Assalaam alaikum, na amani iwe kwenu nyote. Ijumaa iliyopita tulimsomea hitima ya arubaini maalim aliyetusomesha chuoni hapa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye figo zake zilishindwa kufanya kazi baada ya miaka mingi ya presha iliyogunduliwa ikiwa imekwisha kuleta madhara. Tangu siku ya mazishi, kila ninapopita barazani nasikia akisifiwa kwamba alikuwa mtu wa subira, hakulalamika hata siku moja. Najua maneno hayo yanatoka kwenye mapenzi, lakini huyo siye maalim niliyemjua, na nachelea kwamba wagonjwa waliobaki wanapoyasikia hufunga midomo yao wakidhani kuugulia ni upungufu wa imani. Kwa hiyo naomba tupeane uzoefu: mtu wa dini uliyeishi naye akiwa na maradhi ya kudumu, aliyabeba vipi hasa?

Nianze na wangu. Maalim alikuwa akisafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, saa nne kila mara, siku ya Jumatatu na Alhamisi, yaani siku zilezile alizokuwa akifunga sunna tangu ujana wake. Katika mkono wake wa kushoto madaktari walikuwa wameunganisha mishipa miwili ya damu ili sindano za mashine zipate pa kuingia, na mahali hapo palivimba kama kamba chini ya ngozi. Sisi watoto tulipaogopa. Akamwita mdogo wetu kuliko wote, akamwambia aweke kidole, na yule mtoto akasema anasikia mtetemo kama nyuki wamefungiwa ndani. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemshika maalim mkono ule kwa nguvu, na tuligombea kumbebea msahafu.

Kiu ndiyo iliyomtesa zaidi. Mwenye figo zisizotoa maji hana ruhusa ya kunywa apendavyo, kwa sababu maji hujaa mwilini na kumbana pumzi, na maalim alipangiwa chupa ya nusu lita kwa siku nzima, hata wakati wa kaskazi ambapo kuta za mawe za mtaa wetu hutoa joto mpaka usiku. Alikatazwa madafu, alikatazwa ndizi, na mbaazi za nazi alizokuwa akila na mahamri kila asubuhi akaambiwa azipunguze kabisa, kwani vyakula hivyo vina potasiamu nyingi ambayo figo mbovu haziwezi kuitoa, nayo ikizidi katika damu huweza kuusimamisha moyo. Tende pia zimo katika orodha hiyo. Fikirini mtu aliyegawa tende msikitini kila Ramadhani, akiwapa waliofunga moja moja kwa mkono wake, na yeye mwenyewe asitie hata moja kinywani.

Ramadhani ya kwanza ya ugonjwa wake alifunga kwa siri, akaanguka siku ya tatu. Sheikh mwenzake alikuja kumsomea Surat Al-Baqara, aya ya 185, pale Mwenyezi Mungu anaposema kuwa anatutakia mepesi wala hatutakii mazito, na maalim akalia mbele yetu bila kujificha. Baada ya hapo alitusomesha mlango wa ruhusa kwa wiki nzima, akatuonyesha vibaba 30 vya mchele alivyopima kuwa fidia ya saumu asiyoiweza, kibaba kimoja kwa kila siku, na akasema kwamba kuipokea ruhusa ya Mola ni utiifu kama kufunga kwenyewe.

Na alilalamika. Alhamisi jioni aliweza kutuambia, "Leo naumwa, wanangu, someshaneni wenyewe." Kisha alisoma dua ya Nabii Ayub iliyo katika Surat Al-Anbiyaa, anapomwambia Mola wake kwamba madhara yamemgusa. Maalim alipenda kutukumbusha kwamba Ayub huyo aliyeyasema hayo ndiye aliyesifiwa katika Surat Saad kuwa ni mwenye kusubiri.

Mchangiaji wa pili, Mikindani

Poleni sana kwa msiba. Mimi ni Mkristo, na kaka yangu alikuwa katekista aliyezaliwa na ugonjwa wa damu uitwao seli mundu, ambao ni mwingi huku kwetu Pwani kwa sababu mwenye kupokea chembe yake ya urithi kutoka kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali, ilhali aliyerithi kwa wazazi wote wawili huugua maisha yake yote. Kila siku alimeza foliki asidi na dawa ya kuzuia malaria. Ukifika msimu wa kusi, mvua na ubaridi wa Juni vikimpata, maumivu yalimshika mifupani kiasi kwamba uzito wa shuka tu ulimtoa machozi.

Watu walikuja kumwombea, na wengine walimwambia kwamba angeamini sawasawa angepona. Maneno hayo yalimuumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Alikuwa akiwajibu kwa Paulo, aliyeandika katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho kwamba alimsihi Bwana mara tatu amwondolee mwiba katika mwili wake, na mwiba haukuondolewa. "Paulo aliomba mara tatu," alikuwa akisema, "nami nitaomba hata mara elfu tatu, maana sijakatazwa." Wageni aliowapenda ni wale waliokaa naye kimya, kama rafiki za Ayubu walivyokaa chini siku saba kabla hawajaanza kusema na kuharibu.

Mchangiaji wa tatu, Kisauni

Marehemu baba yangu alikuwa mwadhini mwenye kisukari, naye kwa bahati mbaya alikuwa wa kuficha. Kidonda cha unyayoni hakikumuuma kwa kuwa sukari ilikuwa imekwisha kuua hisia za miguu, akaendelea kukivalia soksi hadi mama alipogundua kwa harufu. Alikatwa vidole viwili. Alipotoka hospitali alikataa kusali juu ya kiti kwa miezi, akiona haya mbele ya jamaa, mpaka imamu akamkumbusha hadithi ya Imran bin Huswayn, aliyeambiwa na Mtume asali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale kwa ubavu. Laiti angesikia mapema. Ninayaandika haya kwa ajili ya wanaoficha.

Mchangiaji wa nne, Likoni

Mimi mwenyewe nasafishwa damu, huu ni mwaka wa pili, na navuka kwa feri kwenda na kurudi. Nimesoma habari za maalim na nimelia. Naomba niulize: je, aliwahi kusema kwamba amechoka?

Mwanzilishi wa mada, Kibokoni

Dada yangu, pole sana, na Mwenyezi Mungu akupe afueni. Ndiyo, alisema. Ilikuwa Alhamisi, nilimpokea mwanzo wa kichochoro baada ya mashine, na kwa kuwa presha yake ilikuwa imeshuka tulitembea hatua chache tukipumzika, mimi nikiwa nimembebea viatu. Tulipofika kwake hakuweza kuingia ndani. Alikaa barazani, akaegemea ukuta, akasema, "Nimechoka, mwanangu. Nimechoka kweli." Sikujua la kumjibu, nikakaa kando yake. Mkewe alimletea kipande kimoja cha barafu ndani ya kikombe cha kahawa, akakitia mdomoni na kufumba macho mpaka kikaisha. Kisha akaniuliza sura yangu nimefika wapi. Nikaanza kusoma, na katika aya ya pili alinisimamisha, akanirudisha nyuma, kwa sababu nilikuwa nimeifupisha madda, ule mvuto wa sauti katika kusoma Qurani.