Ushauri: Nataka kwenda Usoke kwa gari kuwaona rafiki zangu wa zamani, ila nina deni la msiba

Mwalimu wa Zamani:
Habari za jioni wanajukwaa. Naombeni ushauri, hasa nyie wenyeji wa Tabora na mnaopita sana njia ya kati.

Mwaka 2004 nilipangiwa kazi ya ualimu kwenye kijiji kimoja ndani ya Usoke, wilaya ya Urambo. Nilikaa mpaka 2007. Sikuwa na ndugu kule. Walionipokea ni wawili: mwalimu mwenzangu tuliyepanga naye nyumba moja, na fundi baiskeli aliyekuwa na kibanda chini ya mwembe. Mama yake fundi ndiye aliyeniuguza malaria mwaka wa kwanza. Alikuwa anakuja asubuhi na uji wa mtama kwenye chupa ya chai, anakaa mlangoni mpaka niumalize. Usiku niliohama, fundi alinifungia tranka langu kwenye keria kwa vipande vya mpira wa tairi, akaisukuma ile baiskeli kwenye mvua mpaka stesheni ya Usoke, tukakaa pamoja kungoja treni mpaka alfajiri.

Mama alifariki 2019. Nilipigiwa simu siku ileile. Mtoto wetu alikuwa mchanga, kazini nikanyimwa ruhusa, nikatuma elfu hamsini kwa simu na kusema nitafika kwenye arobaini. Sikufika. Baada ya hapo nikawa naona aibu kupiga, na miezi ikageuka miaka.

Sasa niko Morogoro, nina gari dogo, IST, na nataka mwezi wa 12 shule zikifungwa niende na mke wangu na mtoto. Njia ikoje siku hizi? Nifikie kwa fundi au nilale gesti? Nibebe nini? Na linaloninyima usingizi: naingiaje kwenye nyumba ya mtu ambaye sikumzikia mama?

Dereva Masafa:
Mkuu, njia isikutie hofu. Enzi zako Manyoni kwenda Tabora ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, lori likinasa Chaya mnalala porini. Leo ni lami. Kipande cha Nyahua–Chaya, kilomita 85, kilizinduliwa 2022 na tangu hapo watu wanapita bila kuzungukia Singida na Nzega.

Hesabu yako ni hii: Morogoro–Dodoma kama kilomita 260, Dodoma–Manyoni kama 130, Manyoni–Tabora kama 260. Ukiwa na mtoto usijaribu kwa siku moja. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, mlale Manyoni. Mlima wa Saranda upande mchana, malori yanaupanda polepole sana na kuyapita kunataka subira. Kesho yake jaza mafuta Manyoni au Itigi, usiseme utajaza mbele, maana ukiiacha Itigi ni pori refu. Usiku usiendeshe hapo. Ng'ombe wanalala kwenye lami kwa sababu ina joto, na taa za IST zitakuonyesha ng'ombe ukiwa umeshamfikia.

Kagua tairi la akiba lina upepo, jeki iwepo, mtungi wa kuzimia moto na pembetatu zako. Vijijini 50 ni 50, tochi za polisi za kupima mwendo zipo, na kosa moja ni elfu thelathini.

Sasa shida yako halisi ni hizo kilomita za mwisho kutoka Usoke kuingia ndani. Desemba udongo wa mbugani ukilowa, IST inakaa na tumbo chini. Mpigie mwenyeji asubuhi ile ile umuulize mvua ya usiku. Kama imenyesha sana, acha gari Usoke kwa mtu anayeaminika, ingieni na bodaboda.

Mzee wa Reli:
Mbona kuteseka? Pandeni treni ya SGR hapo Morogoro mpaka Dodoma, halafu basi la Tabora. Mtoto atafurahi.

Mwalimu wa Zamani:
Mzee wangu, nashukuru. Nataka gari kwa sababu nina mizigo ya kuwapelekea, na ningependa niwachukue wote wawili, fundi na mwalimu, twende pamoja makaburini. Mwalimu siku hizi yuko Urambo mjini, mguu unamsumbua.

Mkulima wa Kaliua:
Ndugu yangu, mimi nakushauri usogeze hadi mwezi wa saba. Kama hao rafiki zako wanalima tumbaku, na huko kwetu wengi tunalima, Desemba ni mwezi mgumu kuliko yote. Miche inatolewa kitaluni kwenda shamba, mvua ikinyesha usiku watu wote wanaamkia matutani, hata watoto. Na mfuko ni mtupu. Pembejeo zimechukuliwa kwa mkopo kupitia chama cha msingi cha ushirika, mahindi ya mwaka jana yako ukingoni. Atakupokea kwa moyo wote, lakini atakopa kuku ili ule. Njoo Julai au Agosti. Tumbaku imeshatoka kwenye mabani ya kukaushia, imeuzwa, mtu ana hela yake na nafasi yake, asali ipo, na barabara ya ndani ni kavu.

Binti Usoke:
Kaka Mkulima nakuheshimu, ila kwa hili sikubaliani. Huyu kaka ameshasubiri tangu 2019. Akisogeza mpaka Julai, Julai kutatokea ada, kutatokea ugonjwa, hatakuja. Na yule mwalimu mguu wake unaumwa. Watu wazima hawawekwi akiba.

Kaka, njoo Desemba. Ila njoo ukijua unakuja msimu wa kazi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: wewe usingoje ya tatu. Asubuhi ukisikia wanatoka, toka nao. Utakuwa mzito, watakucheka, hilo ndilo litakalorudisha udugu haraka kuliko maneno.

Kuhusu gesti, naomba nikuambie kama mtoto wa pale. Ukilala gesti Urambo wakati fundi ana nyumba, umemwambia nyumba yake haikutoshi. Lala kwake, hata kama ni chumba kimoja mtagawana. Lakini jua mzigo wa mgeni anaubeba mama wa nyumba. Yeye ndiye anayeamka kuchota maji ya kuoga ya watu watatu zaidi. Kwa hiyo mashuka yenu na chandarua chenu njooni navyo. Siku ile mnafika, kabla hata hamjakaa vizuri, mkeo aingie jikoni na mchele, unga, sukari, mafuta, majani ya chai na sabuni, amkabidhi mwenzake hukohuko jikoni bila kutangaza. Msimpe mume mbele ya majirani ionekane kama msaada. Na mkeo asikae sebuleni kama mgeni wa heshima. Akae kwenye kigoda, wachambue mboga pamoja.

Leteni nazi. Kwetu nazi ni adimu na wali wa nazi unakumbukwa mwaka mzima. Doti moja ya kanga kwa mama wa nyumba, nzuri, siyo ya kuokota njiani.

Halafu acheni nafasi nyuma ya gari. Mtapewa maembe, karanga, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), pengine nsansa (majani ya kunde yaliyokaushwa), na kuku aliyefungwa miguu. Msikatae. Najua mtaona mmewapunguzia chakula, lakini ukikataa kuku wa mtu umemrudishia mkono wake.

Mfuga Nyuki:
Nyongeza ndogo. Fundi akikupeleka porini kwenye mizinga, msivae nguo nyeusi wala za bluu, mbung'o wanazifuata. Ukipewa asali, weka kwenye dumu safi na kavu kabisa. Asali ikiingia maji inachacha, na joto la gari linaharakisha. Na wakikutolea asali ya nyuki wadogo wasiouma, hata kama ni kikopo tu, ujue umepewa kitu cha thamani.

Unyanyembe:
Mwanangu Mwalimu, wamekujibu vizuri mambo ya barabara na jikoni. Mimi nijibu lile linalokunyima usingizi.

Usiingie na vifurushi. Mizigo ibaki kwenye gari. Fika mchana, piga hodi, ukikaribishwa kaeni chini, wewe na mkeo. Wakianza "habari za siku nyingi", waambie kwanza tumekuja kuhani. Sema wewe mwenyewe, kwa mdomo wako: mama alinilea, sikuja kumzika, sikuja arobaini, nimekosa. Usianze kueleza mtoto mchanga, usitaje kazini. Ukianza sababu, unamlazimisha akuhurumie. Sema umekosa, unyamaze. Wanaweza kulia, lia nao. Kisha toa rambirambi yako, hata baada ya miaka yote hiyo. Kwetu pole haichachi.

Mwombe akupeleke kaburini. Kama limejaa majani, palilieni pamoja, wewe, yeye na huyo mwalimu. Mtoto wako naye awepo, umwambie huyu ndiye bibi aliyenipa uji.

Hayo yakiisha ndipo utoe nazi zako na kanga zako.

Lakini usimshtukize. Mpigie kabla. Mtu akishtukizwa na gari mlangoni anatafuta kuku, hapati muda wa kutafuta maneno. Na usipite Tabora kumwonyesha mtoto makumbusho ya Kwihara wakati wa kwenda. Tembe, ile nyumba ya udongo alilokaa mpelelezi Livingstone, mtaliona mkirudi.

Mwalimu wa Zamani:
Wakuu, nimerudi. Baba Unyanyembe, nilisoma maneno yako mara tatu, nikatoka nje nikapiga simu. Namba ileile, akapokea. Nilisema kama ulivyoniambia, nikanyamaza. Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Sisi tulijua kuna kitu kimekuzuia. Mama hakukuwekea kinyongo, na mimi sikukuwekea." Akaniuliza tutakuja wangapi.

Dada Binti Usoke, mke wangu amelisoma jibu lako lote na ameshaanza kuandika orodha. Kaka Mkulima, nimemuuliza fundi kama Desemba nitawabana. Analima tumbaku ekari mbili, na kweli atakuwa anapandikiza. Alisema nije na viatu vya shamba.

Tunaondoka tarehe 10, tunalala Manyoni. Dereva Masafa, tairi mbili za mbele nimebadilisha leo. Je, ile njia ya kutoka Usoke kuingia ndani, kuna mahali mvua ikinyesha daraja linafunikwa? Fundi anasema lipo moja, lakini yeye anapita na baiskeli.