Pilates ya mkeka nyumbani, darasa la mashine Jumamosi, au nirudi gym ya mtaani?

Mama_Kaunta (Mbagala)

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo yenu, ila tafadhali msinitanie kabla sijamaliza.

Nina miaka 41. Nakaa kaunta ya duka la vitambaa Kariakoo tangu saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, kwenye kile kiti cha plastiki kisicho na egemeo. Kiuno kinanisumbua miezi minane sasa. Si maumivu ya kulazwa, lakini nikishuka kwenye daladala hatua kumi za kwanza natembea kama niliyebeba ndoo ya maji upande mmoja. Hospitali nilipigwa picha, wakasema pingili ziko sawa, misuli ndiyo imelala, nifanye mazoezi. Mazoezi gani, hawakusema, na foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu sikuuliza.

Binti wa shemeji yangu akanipeleka Masaki kwenye darasa la Pilates, yale mazoezi ya polepole ya kuamsha tumbo na kiuno, kwenye mashine wanayoiita rifoma. Nimekwenda Jumamosi mbili. Nilitoka pale nimenyooka kama mlingoti! Jumanne nikawa nimesharudi kulekule. Na ada yake jamani, bado nauli, bado nusu siku imekwenda.

Sasa nalinganisha. Niendelee na Jumamosi moja ya mashine? Nitandike mkeka nyumbani siku tatu kwa wiki nikifuata video? Au nirudi gym ya vyuma hapa mtaani, ambako mwaka jana nililipia mwezi mzima nikaenda siku nne? Yoga nayo nimetajiwa. Naomba anijibu aliyefanya kwa muda mrefu, si wa Jumamosi mbili kama mimi.

Tani_la_Chuma (Temeke)

Dada, Pilates ni kulala sakafuni kwa kulipia. Nenda gym, jifunze kunyanyua chuma kutoka chini, chuchumaa na chuma begani, mgongo utatii wenyewe. Mimi kiuno sikijui kinauma upande gani.

Kibwebwe (Tanga)

Tani, nakuheshimu, na kuna ukweli ndani yake nitaurudia. Ila mtu aliyeumwa kiuno miezi minane hakabidhiwi chuma siku ya kwanza bila wa kumsimamia. Nafanya kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, wa namna yake nawaona kila Jumatatu.

Mama Kaunta, mwanamke akitaka kutwanga au kuingia ngomani hufunga kanga kiunoni akaikaza. Ndani ya tumbo una msuli wenye kazi hiyohiyo. Umezunguka kutoka mgongoni hadi mbele, chini kabisa ya ile misuli ya vipande ambayo vijana hupigia picha. Juu yake kuna kiwambo cha kupumulia, chini kuna misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayozuia mkojo, nyuma kuna visuli vifupi vinavyoshika pingili moja hadi nyingine. Ukikaa saa kumi kwenye kile kiti chako, kundi lote hilo linasinzia na mzigo unabebwa na wasiohusika. Pilates inawaamsha hao. Unatoa pumzi, unakaza kibwebwe, ndipo unasogeza mguu au mkono polepole na kiuno kisiyumbe. Mtu akitazama pembeni haoni kitu, ndiyo maana Tani anasema ni kulala.

Kwa nini Jumanne umerudi? Kwa sababu ule unafuu wa Jumamosi ni misuli iliyokakamaa kulegea na mwili kukumbushwa mkao. Nguvu haijaingia bado. Wiki za mwanzo mishipa ya fahamu inajifunza tu kuiita misuli kwa wakati. Misuli yenyewe inaongezeka baadaye, kwa kurudiarudia, na ukiacha wiki kadhaa unaanza kurudi nyuma. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima aimarishe misuli walau siku mbili kwa wiki. Jumamosi yako moja haifiki hapo, hata mashine iwe ya dhahabu.

Sasa nisije nikaonekana mchuuzi wa Pilates. Mwaka 2015 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 10 yenye watu 510 wenye maumivu ya kiuno. Waliofanya Pilates walielekea kupata nafuu kuliko walioachwa bila tiba ya maana. Walipolinganishwa na waliofanya mazoezi ya aina nyingine, haikuonekana wazi kwamba Pilates inashinda. Hapo ndipo Tani ana haki yake: vyuma vikifanywa vizuri navyo vinasaidia. Kwa hiyo mimi mgonjwa simwandikii zoezi lenye jina zuri, namwandikia lile ambalo mvua za masika zikija atakuwa bado analifanya. Wewe umeshatuambia mwenyewe gym ulikwenda siku nne.

Mwisho, ukiona maumivu au ganzi inashuka chini ya goti, simamisha mazoezi uonwe kwanza. Ganzi ikiingia sehemu za siri, mguu ukikosa nguvu au mkojo ukakushinda kuuzuia au kuutoa, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo.

Tani_la_Chuma (Temeke)

Nimekubali nusu 😂

Mwambao (Mombasa)

Mimi nimepitia vyote viwili, mashine mwaka mmoja na mkeka mwaka wa tatu huu, kwa hivyo nieleze tofauti maana watu hudhani mkeka ni Pilates ya maskini.

Rifoma ni kitanda chenye kigari kinachoteleza, kimefungwa springi. Springi hukupinga ukisukuma, lakini vilevile hukushika. Anayeanza hunufaika sana kwa sababu mashine humwonyesha njia: ukienda ovyo, kigari kinagonga na darasa zima linageuka kukutazama. Na msidhani springi nyepesi ndiyo rahisi. Kuna mazoezi ukipunguza springi ndipo unapotetemeka kama jani, kwa kuwa msaada umeondoka. Kwenye mkeka hakuna wa kukushika, ni uzito wako na pumzi zako. Joseph Pilates mwenyewe katika kitabu chake cha 1945 aliweka mazoezi 34, yote ya sakafuni.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Darasa la mashine ni saa moja, lakini na matatu, kubadilisha nguo na kurudi, saa tatu zimekwisha. Saa tatu hizo mkekani ni vipindi tisa vya dakika 20. Nilipohama, mgongo haukulalamika hata kidogo. Ila singejua kujisahihisha bila ule mwaka wa mwanzo mbele ya mwalimu. Ndio nasema video tupu kwa mtu mgeni kabisa ina hatari yake: utakaza shingo ukidhani umekaza tumbo.

Bi_Mkunguni (Unguja)

Assalam aleikum. Mimi nasema upande ambao wanaume humu hawataugusa. Baada ya mtoto wa tatu nilikuwa nikipiga chafya, nguo ya ndani inabadilishwa. Wallahi miaka miwili nikinyamaza nikidhani ndio uzazi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyenifunza kukaza sakafu ya nyonga pamoja na pumzi, kisha nikaingia Pilates ya mkeka chumbani, mlango umefungwa, baada ya alfajiri kabla watoto hawajaamka. Sikuhitaji nguo za kubana wala kuonwa na mtu. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Mwezi wa kwanza sikuona kitu, nikataka kuacha. Kiasi cha mwezi wa tatu nikabeba ndoo ya maji toka uani hadi jikoni, nikakohoa njiani, na hakikutoka kitu. Nilisimama pale pale jikoni nikacheka peke yangu.

Tahadhari kwa waliozaa karibuni: tumbo lililoachana katikati lisikimbiziwe mazoezi ya kujikunja kuinuka. Lipimwe kwanza.

Mpekuzi

Nyongeza ndogo, maana kila mtu mjini sasa ni mwalimu. Pilates ni jina la mtu, Mjerumani aliyezaliwa Mönchengladbach mwaka 1883. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Uingereza akafungwa kama raia wa adui, na sehemu ya kifungo hicho ilikuwa kisiwani Man, ambako alikuwa akiwafundisha wenzake mazoezi. Miaka ya 1920 akahamia New York, na wateja wake wakubwa wakawa wacheza dansi walioumia. Yeye aliyaita Contrology. Alifariki 1967. Mwaka 2000 mahakama ya Marekani ikaamua kwamba neno Pilates ni la wote, kama yoga au karate. Ndiyo kusema kule lilikoanzia kutangazwa kibiashara hakuna mwenye haki ya kumzuia mwingine kuliandika mlangoni. Usiangalie kibao, muulize mwalimu amesomea wapi na kwa muda gani, na kama atababaika, chukua viatu vyako.

Mzee_wa_Kibosho

Vijana shikamooni nyie, maana mmekuwa madaktari 😄 Swali kwa wa Tanga. Mama yenu ana miaka 66, aliteleza mwaka juzi akavunja kifundo cha mkono, wakasema mifupa imekuwa dhaifu. Binti anamfuatisha hizo video. Je, ni sawa?

Kibwebwe (Tanga)

Shikamoo mzee. Asifuate video ya kila mtu. Yale ya kulala chali na kujiviringisha mgongo kuinuka, na ya kukunja mgongo mbele kwa nguvu, kwa mfupa dhaifu ni hatari, pingili inaweza kupondeka. Yanayomfaa ni ya kusimama, ya mizani ya mwili asiyumbe, ya kuimarisha nyonga na ya kunyoosha mgongo kwa nyuma taratibu, huku kiti kikiwa karibu cha kushika. Aonwe na fiziotherapia mara moja apangiwe, kisha binti aendelee naye.

Hili la mizani wengi hulipuuza. Mama huyo faida yake kubwa ni kutoteleza tena.

Mkimbiaji_Eldoret

Kuhusu yoga, nimefanya zote mbili kando ya kukimbia. Yoga hunifungua nyonga na kunituliza kichwa, hukaa kwenye mkao. Pilates husogea, na hunipa nguvu za kiuno kilomita za mwisho wakati wengine wanaanza kujikunja. Lakini dada asidanganywe kwamba mkeka utapunguza kitambi au utachukua nafasi ya moyo kupiga. Mapigo hayapandi vya kutosha. Tembea.

Kibwebwe (Tanga)

Sahihi. Mwongozo uleule unataka dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani. Mama Kaunta, shuka vituo viwili kabla ya kwako.

Na ukianza, chukua manne tu. Daraja: lala chali, kunja magoti, inua makalio ukitoa pumzi. Kisha ukiwa chali vilevile, magoti juu, shusha kisigino kimoja kimoja kikaguse mkeka bila mgongo kunyanyuka. Kisha mikono na magoti chini, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, badilisha. La mwisho lala ubavu, inua mguu wa juu. Dakika 20 zinatosha. Lile la kupigapiga mikono mara mia, ambalo kila video huanza nalo, liache kwanza, litakumaliza shingo.

Mama_Kaunta (Mbagala)

Nimesoma yote, asanteni sana. Nimeamua: Masaki naenda mara moja kwa mwezi nisahihishwe, siku nyingine ni mkeka Jumanne, Alhamisi na Jumapili. Mkeka wenyewe nimenunua Kariakoo hapohapo, mlango wa tatu kutoka dukani. Nitarudi hapa.

Mama_Kaunta (Mbagala), wiki ya tisa

Nimerudi. Wiki tisa, vipindi 27 vilitakiwa, nimefanya 21. Wiki nzima moja ilikwenda na msiba Muheza, na siku tatu nyingine sina cha kusingizia, nilikuwa nimechoka tu.

Kiuno: asubuhi bado kinakaza, sitadanganya. Ile ya kushuka daladala kama mbeba ndoo imekwisha tangu kama wiki ya sita, nilishtukia tu nimefika nyumbani sijaikumbuka. Kisigino kimoja kimoja kilinishinda wiki tatu, mgongo ulikuwa unaruka kama chura. Sasa nafanya kumi kila upande. Kiti cha plastiki bosi amekubali kibadilishwe, nilimwonyesha huu uzi.

Mwambao ulisema kweli kuhusu shingo. Mwalimu wa Masaki aliniwekea mkono tumboni akasema hapa pamelala, shingoni ndiko kunakofanya kazi.

Tani_la_Chuma, hapa mtaani kwetu vyuma vipo. Nikitaka kujifunza kunyanyua kutoka chini, mwezi ujao, naanza na kilo ngapi?

Tani_la_Chuma (Temeke)

Fimbo ya fagio, dada. Wiki mbili fimbo tu. Na kile kibwebwe chako ukifunge kabla hujainama.