Mrejesho: vile vijisanamu vya gemu vilivyotoka na chengachenga

Assalaam aleikum. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini vijisanamu vyangu vya plastiki vya gemu ya mezani vinatoka na chengachenga, kama vimemwagiwa mchanga, kila nikivipulizia rangi ya kwanza. Nilikuwa nikipulizia uani, hapa Chake Chake, katikati ya masika. Mliosema ni unyevu wa hewa, mmepatia.

Kopo la kupuliza nimeliweka mpaka mvua zikatike. Sasa napaka praima, yaani hiyo rangi ya kwanza, ya akriliki kwa brashi, ndani. Kwanza navisugua kwa mswaki mkuukuu na maji ya sabuni, maana plastiki huweza kubaki na mafuta ya kiwandani, kisha naviacha vikauke usiku kucha.

Ushauri ulionifaa mno ni wa kuzimua rangi. Nilikuwa naipaka nzito kama uji, nyuso zikazibika hata pua hazionekani. Sasa naongeza maji mpaka iwe kama maziwa, napaka mkono wa kwanza, nasubiri ukauke, ndipo wa pili. Mikunjo ya nguo inaonekana, hata vidole! Na ile rangi ya majimaji ya kahawia, ukiipitisha juu inateremka yenyewe kwenye mifereji na kuleta kivuli. Hapo nilimwita mdogo wangu aje aone.

Macho bado yananishinda. Vile vitatu vilivyoharibika sijavitupa, najifunzia. Kaka uliyesema nianze na macho kabla ya uso, leo baada ya isha najaribu.