Nimepiga wotaprufu mara mbili, chumba cha chini bado kinatoa maji

Cherehani_Goba
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri kabla sijatupa hela mara ya tatu.

Nyumba yangu iko Goba, kiwanja cha mteremko mkali. Wakati najenga, fundi akasema badala ya kununua vifusi vya kujazia, tuchimbe tupate chumba chini. Kwa hiyo kuta tatu zimezikwa kwenye udongo, wa mbele tu ndio uko wazi. Wa nyuma umezama kama futi saba, tofali za nchi 6. Humo ndimo ninamoshonea: vyerehani vinne na mabunda ya vitambaa vya sare za shule.

Kiangazi pakavu kabisa, unaweza kutandika mkeka ukalala. Masika ikipiga siku mbili mfululizo, maji yanachomoza pale ukuta wa nyuma unapokutana na jamvi (zege la sakafu), yanatambaa kama uzi mpaka chini ya meza ya kukatia. Plasta imefura hadi usawa wa goti, ukiigonga inalia kama debe tupu, juu yake unga mweupe kama chumvi. Bunda zima la kitambaa cha bluu limeota ukungu.

Fundi wa kwanza alibandua plasta akapiga mpya yenye wotaprufu. Ilidumu msimu mmoja. Wa pili akapaka lami kwa ndani. Ikatoa malengelenge, nikatoboa moja kwa sindano ya cherehani, likanitemea maji usoni. Wa tatu anataka laki tisa apake kemikali, anasema hii ni ya uhakika. Nimpe?

Dogo_Kinyerezi
Mpe mkuu. Mimi hiyo kemikali nilipaka kwenye kisima changu cha chini cha kuhifadhia maji, mwaka wa tatu huu hakijavuja tone.

Mwashi_Mstaafu
Dogo, kisima ni habari nyingine. Kwenye kisima maji yako upande ule ule wa rangi, yanaigandamiza ukutani. Kwa mwenzetu maji yako nyuma ya ukuta, yanaisukuma rangi itoke. Lile lengelenge lililomtemea ndilo hilo.

Fundi cherehani, usitoe hata mia kwanza. Maji yakisimama kina cha mita moja nyuma ya ukuta, pale chini yanasukuma kwa uzito wa karibu tani moja kila mita ya mraba. Futi saba zikijaa, ni mara mbili ya hapo. Tofali za nchi 6 hazikuwekwa kwa kazi hiyo, na aliyekujengea alilijua hilo. Shusha timazi (uzi wenye uzito wa kupimia wima) ukutani leo: ukikuta katikati pametokeza tumbo, au kuna ufa wa kulala, achana na habari za kuvuja, mwite injinia.

Ule unga ni chumvi. Maji yanaipitia kwenye udongo na simenti, yakikauka huku ndani yanaiacha. Msimpigie plasta juu yake, itafura tena.

Kisha jua maji ni ya nani. Funga koki zote usiku, andika namba za mita ya maji, angalia asubuhi: zikisogea, bomba lako linavuja. Shimo la choo liko upande gani?

MamaAsha_Ohio
Kaka pole. Huku Columbus nyumba nyingi zina chumba cha chini, na yangu ina kishimo kwenye kona ya sakafu chenye pampu ya boya: maji yakipanda boya linanyanyuka, pampu inajiwasha. Wewe usiingie huko. Una mteremko, maji yatashuka yenyewe bila umeme. Na umeme wenu ukikatika na mvua ile ile?

Nilipohamia, jirani yangu mzee alinifundisha kitu kimoja: mvua ikiwa kali chukua mwavuli, zunguka nyumba, tazama maji yanakwenda wapi. Nilijiona mwehu, lakini nenda.

Cherehani_Goba
Shikamoo mzee Mwashi. Timazi imenyooka, nimerudia mara tatu maana nilikuwa natetemeka. Mita haikusogea. Shimo la choo liko mbele, upande wa bondeni.

Mama Asha, nimekwenda na mwavuli jana alfajiri. Nimeona aibu. Bomba la gata la paa la nyuma linaishia futi mbili kutoka chini, halina kiwiko, maji ya nusu nzima ya paa yanamwagika mguuni mwa ukuta. Na ile sakafu ya nje niliyoimwaga mwenyewe, imeinamia nyumba! Miaka minne nanywesha ukuta wangu.

Mwashi_Mstaafu
Marahaba. Gata ni kazi ya kesho: kiwiko, na bomba likamwage chini ya kiwanja. Vunja hiyo sakafu, mwaga nyingine ikimbie ukuta. Subiri mvua uone imepungua kiasi gani.

Ikibaki, kiangazi chimba nyuma ya ukuta, kwa vipande, usifungue wote kwa mpigo, wala usishuke chini ya msingi. Weka mbao za kuzuia kingo. Udongo uliolowa umezika mafundi wengi. Ukuta upigwe plasta kwa nje, lami mikono miwili, nailoni nzito. Chini laza bomba la nchi 4 lenye matundu, mteremko sentimita 1 kila mita, lizungukwe na kokoto, vyote vifungwe kwa kitambaa cha kuchujia ili matope yasizibe. Mdomo utokee upande wa bondeni.

Cherehani_Goba
Kiwiko nimenunua leo. Yule wa laki tisa amepiga simu mara mbili, sijapokea. Mabunda nimeyapandisha juu ya matofali, na ukutani nimechora mstari wa chaki pale unyevu ulipoishia. Nitarudi mvua ikinyesha.