Re: "Hooray" inatumika wapi na vipi?

> Ndugu zangu, salaam. Hapa kazini jambo likienda vizuri wanapiga kelele "hooray", na kwenye meseji wanaandika "yay". Nami naweza kuyatumia, au ni maneno ya watoto? Na yule anayetangulia kusema "hip hip" anataka tufanye nini?

Dada, salaam, na hongera kwa kazi mpya.

Hooray ni ukelele wa furaha tu, kama mtu anavyosema "hoyee!" Tamka "hurei", na mkazo uweke kwenye "rei". Utakuta pia limeandikwa hurray au hurrah. Hurrah ndilo la zamani, lilianza kuonekana kwenye maandishi ya Kiingereza mwishoni mwa karne ya 17, na siku hizi utalikuta vitabuni zaidi kuliko midomoni mwa vijana.

Hiyo "hip hip" ni mwito, na mwito unaitikiwa. Mtu mmoja anatangaza "three cheers for", anataja jina la anayeshangiliwa, kisha anaita "hip hip!" na ninyi wote mnajibu "hooray!" Inarudiwa mara tatu, basi. Kama bado u mgeni hapo, waachie wenyeji waanzishe, lakini kuitikia itikia, tena kwa sauti, maana anayenyamaza huonekana hakupenda. Ukishangiliwa wewe, usiitikie. Tabasamu, wakimaliza washukuru. Utaisikia kwenye siku ya kuzaliwa baada ya wimbo, kwenye kumuaga mtu, na mwisho wa mechi ya raga, ambapo nahodha huwaongoza wenzake kuwashangilia wapinzani, hata kama ndio waliowafunga. Hii ya raga naipenda sana. Na si jambo la kitoto hata kidogo: tarehe 10 Septemba 2022, Charles III alipotangazwa rasmi kuwa mfalme pale St James's Palace, walinzi walivua kofia zao ndefu za manyoya wakamshangilia mara tatu.

Yay ni jepesi zaidi, la watu waliozoeana. Kwa rafiki ofisini sawa. Kwa bosi anayekuandikia kwamba likizo imekubaliwa, mjibu asante ya kawaida.

Sasa sikiliza sauti, maana hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Hooray ikisemwa taratibu, sauti iko chini, mara nyingi maana yake imegeuka. Mtu anafungua barua pepe, anaona kikao kingine Ijumaa jioni, anashusha pumzi: "Hooray. Another meeting." Huyo analalamika! Ukimwambia nawe umefurahi, mtabaki mnatazamana. Kwenye meseji ni vivyo hivyo: "yay" yenye alama ya mshangao ni furaha, "yay" yenye nukta itazame mara mbili.

Halafu kuna hili la kumpongeza mtu. Mwenzako amejifungua, amefaulu mtihani, amepata uraia, wewe unasema hooray halafu unanyamaza. Hapo umetoa furaha yako, yeye bado hujampa hongera. Anza na "Congratulations!", hooray ifuate ukipenda. Na "hooray for you" iogope kabisa mpaka sikio lako lizoee, kwa sababu ikikosewa sauti inakuwa kejeli.

----

Naomba kuongezea, kwa walioko Australia na New Zealand. Huku wazee, hasa wa mashambani, wanaweza kusema "hooray" wakiondoka, na maana yake ni kwaheri. Wapo wanaosema "hooroo". Mzee wa watu keshabeba mfuko wake, anakutamkia hivyo mlangoni: mpungie mkono, usianze kushangilia.

Na kwa walioko Uingereza, mkisikia mtu anaitwa "Hooray Henry", hapo hasifiwi. Wanamaanisha kijana wa kitajiri, mwenye makelele na majivuno. Lisikieni tu, msimwite mtu.

----

> Nashukuru sana, kaka zangu. La mwisho: kuna mama anastaafu hapa kazini na kadi inazungushwa. Nimeona mahali "last hurrah", nikafikiri inafaa kuandika. Inafaa?

Hapana dada, hiyo iache. Ni shangwe au juhudi ya mwisho kabla ya mtu kuachana na jambo. Magazeti hulitumia kwa mchezaji mkongwe anayecheza mashindano yake ya mwisho. Yule mama akijisemea mwenyewe ni sawa, lakini ikitoka kwako ataisoma kana kwamba unamwambia siku zake zimekwisha. Andika "Congratulations on your retirement", halafu chini yake taja kitu kimoja alichokusaidia ulipofika, kwa maneno mepesi. Siku ya kumuaga, wakiita "hip hip", hapo sasa toa sauti yote.