Nyigu mchimbaji nisiyemtambua: spishi mpya huelezwaje?

Mkazi wa Utawala
Salaam, wanajukwaa. Kwa wiki mbili nimekuwa nikimtazama nyigu mweusi mwenye miguu ya rangi ya kutu, anayechimba katika lundo la mchanga wa ujenzi uani kwetu hapa Utawala, Nairobi. Humburuta panzi kwa kumshika vipapasio vyake hadi mlangoni mwa shimo, humwacha hapo, huingia peke yake, kisha hutoka na kumvuta ndani. Nimekusanya watatu na kuwachoma pini. Picha za kwenye intaneti nimezipekua nisione afananaye naye. Ikiwa kweli ni spishi mpya, hutambulishwaje rasmi?

Mtunza Vielelezo
Ndugu, hongera kwa kutazama kwa subira. Hata hivyo, kukosa picha si ushahidi, kwa kuwa spishi zinazojulikana za nyigu wachimbaji zinapita 9,000, na nyingi watu wanazijua kwa vielelezo vikavu tu. Kazi yenyewe, na ndiyo inayokula miaka, ni kumlinganisha na holotaipu za jenasi yake (kundi la spishi zenye undugu wa karibu); holotaipu ni kile kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi. Na nyingi za Afrika Mashariki zimo katika makumbusho ya Ulaya tangu enzi za ukoloni. Kwa sasa, hesabu pingili za kipapasio chini ya hadubini: jike ana 12, dume 13. Kwa kuwa kuchimba ni kazi ya jike, nahofu watatu wako wote ni majike. Tafuta dume, maana imetokea mara nyingi jike na dume wakapewa majina mawili kama spishi mbili, hadi jina la baadaye likafutwa.

Dada wa Kasarani
Naongeza jambo la lebo, ambalo wengi hulipuuza. Andika mahali, tarehe na mkusanyaji, na uandike pia mchanga ulitoka wapi, kwa sababu mabuu husafiri ndani ya mchanga, na huenda nyigu wako alizaliwa kwenye mto ulio mbali na Utawala. Yule panzi naye mhifadhi pamoja na nyigu aliyemkamata. Windo husaidia sana kutambua jenasi.

Mtunza Vielelezo
Umenena vyema, dada. Kuhusu jina: tangu mwaka 2000, kanuni za kimataifa zinadai holotaipu itajwe waziwazi pamoja na mahali itakapohifadhiwa, na maelezo yachapishwe. Hata jarida lisilotoka kwenye karatasi, la mtandaoni tu, linakubalika tangu 2012, mradi chapisho lisajiliwe ZooBank, sajili rasmi ya majina ya wanyama iliyo mtandaoni. Peleka vielelezo vyako Makumbusho ya Kitaifa, visiliwe na sisimizi nyumbani.

Mkazi wa Utawala
Ahsanteni sana. Nimehesabu kwa lenzi ya mkono: wote watatu wana pingili 12. Panzi mmoja ninaye, na muuza mchanga ameniambia ulitoka Machakos. Kesho asubuhi namtafuta dume.