Fundi baiskeli umeniulia Peugeot yangu kwa tindo na moto wa kuchomelea!

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Nimetoka kwa fundi sasa hivi hapa Moshi, na chuma nilichokisukuma kwa mguu mpaka nyumbani Rau sicho nilichompelekea juzi.

Baiskeli niliipata Kiboriloni kwenye mitumba, fremu ya resi iliyopakwa rangi ya mafuta ya bluu kama geti. Jioni nikaikwangua kwa kucha kwenye bomba la siti, ikatokea stika: Reynolds 531, yaani bomba za chuma chepesi za baiskeli za resi. Mkono ukaanza kutetemeka. Mbele, chini ya usukani, likaja jina Peugeot. Nikaazima kipimo cha vyuma kwa jirani: nguzo ya siti milimita 26.4, shina la usukani 22.0. Vipimo vya Kifaransa hivyo. Ingekuwa ya Kiingereza ningekuta 27.2 na 22.2. Hiyo ni Peugeot ya enzi zile, timu ambayo Mfaransa Thévenet alishinda nayo mbio za baiskeli za Tour de France mwaka 1975 na 1977!

Sikuinunua niitundike ukutani. Nilitaka kwenda nayo kazini kila siku, basi. Nikamwambia fundi mambo matatu tu: karia ya kufunga kwa klipu na skrubu, matairi mapya, na asafishe gololi za krenki atie grisi. Nikamsisitizia, "Kaka, usiichomelee." Akaitika.

Leo nafika, karia imechomelewa kwenye fremu! Wakuu, bomba za 531 ni nyembamba, katikati hazifiki hata milimita moja. Chuma chake kina manganizi na molibdeni, na kiwandani kinaungwa kwa shaba na soketi za kwenye viungo kwa moto mdogo, kwa sababu moto mkali unakifanya kikatike kama biskuti. Rangi imetokota malengelenge, stika imebaki "53" na doa jeusi. Nikagusa pale penye doa, pana tundu linaloingia ncha ya kalamu.

Kwenye krenki ndiyo nilishindwa hata kusema. Amezoea Phoenix, ambayo kikombe cha gololi cha upande wa cheni kinafunguka ukikizungusha kufuata saa. Peugeot hizi za zamani, nyuzi za skrubu za pande zote mbili ni za kawaida, unafungua kinyume cha saa. Yeye kakomaa na tindo na nyundo kufuata saa, yaani anakaza huku anadhani anafungua, mpaka meno ya kikombe yamevunjika na nyuzi za fremu zimesagika. Kilipogoma mara ya kwanza, si angeacha aniulize? Namba yangu ya simu anayo!

Na tairi. Aliyemuuzia kamwambia "28", naye kavalisha. Ile 28 ya Phoenix ni ya ringi ya milimita 635, yangu ni 622. Tofauti milimita 13, tairi linacheza kama gauni la kuazima. Eti "jaza upepo litakaa". Halikufika hata kona ya kwanza, likachomoka, tyubu ikapasuka. Hivi ubavuni mwa tairi si kumeandikwa? Kusoma tarakimu tatu ni dakika ngapi?

Halafu anadai hela ya kuchomelea. Silipi. Nimemwambia mbele ya wateja wake, na kesho narudi na balozi wa mtaa kuchukua matairi yangu ya zamani na ile fri-wili, maana navyo amevibakiza.

Kama kuna mtu Moshi au Arusha ana kikombe cha krenki cha Kifaransa, kipenyo milimita 35, uzi wa milimita 1, au anamjua fundi anayeunga kwa shaba kweli na si kwa maneno, aje PM leo hii. Fremu naitaka irudi barabarani.